Jinsi ya Kusanifu Kanisa Jipya la Parokia kwa Mtindo wa Kibasilika

Mwongozo huu umeandikwa kwa wabunifu majengo na kamati za ujenzi za parokia nchini Tanzania zinazotaka kanisa la kibasilika, yaani lenye sehemu ndefu ya katikati iliyotenganishwa na mabawa ya pembeni kwa safu za matao ya mviringo, na lenye kuta nene, la ukoo mmoja na kanisa la abasia (monasteri) ya Peramiho, badala ya ukumbi uliosimikwa msalaba juu ya bati.

Hatua ya 1: Idhini na idadi. Kanuni ya 1215 ya Sheria za Kanisa inataka idhini ya maandishi ya askofu wa jimbo. Paroko aipate kabla mchoro haujabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa maana waumini wakishauzoea hautabadilika kirahisi. Hesabuni watu wa Jumapili ya kawaida. Wa Pasaka watakaa nje chini ya turubai, kama wanavyokaa kila mwaka.

Hatua ya 2: Mwelekeo. Mapokeo huielekeza altare mashariki, na huku kwetu karibu na ikweta mapokeo hayo yanakubaliana na hali ya hewa, kwa sababu kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini hupata jua kidogo. Mlango mkuu, unaopigwa na jua la alasiri, upewe baraza yenye kina.

Hatua ya 3: Altare. Anzeni kuchora hapa, mkirudi nyuma kuelekea mlangoni. Altare isimame mbali na ukuta ili padre aweze kuizunguka. Kwa desturi ya Kanisa, meza ya altare isiyohamishika ni jiwe moja la asili. Uzito huo unahitaji msingi wake wenyewe, na kama masalia ya watakatifu yatawekwa chini yake, nafasi yake iachwe kabla sakafu haijamwagwa. Mimbari, kiti cha padre na tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi) vipangwe baada ya hapo.

Hatua ya 4: Vipimo. Benchi la mita 4 huketisha watu 8. Benchi mbili na njia ya katikati ya mita 2 hutoa upana wa mita 10, na safu 25 zenye nafasi ya sentimita 95 kila moja, ili watu wapige magoti bila kubanana, huketisha watu 400 katika urefu wa takriban mita 24. Njia hiyo ya katikati msiipunguze kwa ajili ya viti, kwani ndipo matoleo yanapopitishwa kwa kucheza. Mabawa ya pembeni yawe na mita 5 kila upande, yaani nusu ya upana wa katikati, kama makanisa mengi ya kale.

Hatua ya 5: Matao. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tao husukuma pembeni: kila moja huegemea jirani yake, na la mwisho hubaki bila wa kumwegemea, kwa hiyo mwisho wa safu uwekewe nguzo nene ya kuegemeza. Jengeni kwa matofali ya kuchoma juu ya kalibu ya mbao, yaani umbo la muda linaloshikilia tao, na kalibu isitolewe kabla chokaa haijakomaa. Matao ya jipsamu yaliyoning'inizwa kwenye fremu ya zege, kwa maoni yangu, ni pambo la ukumbi wa harusi. Matao yenye ncha, kama ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam (1897–1902), husukuma kidogo zaidi, lakini msiyachanganye na ya mviringo. Mikoa kama Kagera, iliyopata tetemeko Septemba 2016, inahitaji mhandisi wa miundo afunge kuta kwa mkanda wa zege na nondo.

Hatua ya 6: Paa. Kenchi za mbao zionekane. Juu yake kuwe na dari ya mbao kabla ya bati, la sivyo mvua itameza mahubiri.

Hatua ya 7: Awamu. Fedha za michango huja polepole, basi jengeni kwanza altare na sehemu ya katikati, mkiziba matao kwa ukuta mwembamba wa muda utakaobomolewa mabawa yakijengwa. Ukuta huo usibebeshwe paa. Mnara wa kengele uje mwisho, ila msingi wake umwagwe sasa, ukitenganishwa na msingi wa kanisa, kwa kuwa mnara hutitia zaidi na ungepasua ukuta ulioshikana nao.