Kuanza Kuzamia Baharini Ukiwa Umevuka Miaka 50

Ukitaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa katika umri huu, anzia kwa daktari, si dukani, kwa kuwa hali ya moyo, mapafu na shinikizo la damu ndiyo itakayoamua kama utashuka. Cheti cha msingi huruhusu kina cha hadi mita 18. Masomo ya nadharia na mazoezi ya bwawani ni afadhali uyamalize nyumbani, ili likizo ya Unguja au Mafia isiishie darasani.

Masikio ndiyo huwashinda wengi. Bana pua, puliza taratibu, na ufanye hivyo mara kwa mara unaposhuka, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, panda kidogo ujaribu tena, wala usione haya kumpa mwalimu ishara ya kusubiri. Pumzi usiizuie kamwe. Unaporudi juu, panda polepole na usimame dakika 3 kwenye mita 5.

Kupanda boti inayoyumba huchosha magoti kuliko kuzamia kwenyewe, hivyo vua mtungi ukiwa bado majini, umkabidhi baharia. Siku ya mwisho usizamie: baada ya kuzamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.