Mambo ya Kukagua Kabla ya Kusakinisha Mfumo Endeshi Ndani ya Mashine Pepe

Usakinishaji ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta yako) unapogoma katikati, mara nyingi kosa haliko kwenye hatua ulipokwama, bali katika jambo ambalo halikukaguliwa kabla ya kuanza. Anza na prosesa. Katika Windows, fungua Task Manager, uingie sehemu ya Performance na utazame mstari wa Virtualization, yaani uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe. Ukisomeka Disabled, uwezo huo umezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), na VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, haitaendesha mfumo wa biti 64 hata uongeze RAM kiasi gani. Laptopu zilizokwishatumika, ambazo wengi wetu hapa Kampala ndizo tunazozimudu, huweza kufika zikiwa bado na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo zima kompyuta, iwashe tena huku ukibonyeza F2 kwa Dell nyingi au F10 kwa HP, kisha uwashe VT-x kwa prosesa za Intel au SVM kwa zile za AMD. Iwapo uwezo huo umewashwa na bado mashine pepe inajikokota, angalia chini ya dirisha la VirtualBox: alama ya kobe wa kijani ina maana kwamba Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya mashine pepe, imeshika prosesa kwanza.

Faili la ISO, yaani lile lenye mfumo endeshi utakaosakinisha, linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani inakaribia GB 6, na kwa bei ya bando hakuna anayependa kuipakua mara mbili. Ndiyo maana watu huazimana kwa flashi. Flashi yenye muundo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata kama ni ya GB 32 na iko tupu, hivyo ifomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo. Faili likishafika kwenye kompyuta yako, tumia amri ya certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe herufi na tarakimu 64 utakazopewa na zile zilizotangazwa na watengenezaji. Zikitofautiana hata kwa moja, usiendelee: faili lililoharibika linaweza kuwaka vizuri na kufeli wakati wa kunakili.

Kuhusu RAM, usiipe mashine pepe zaidi ya nusu ya iliyopo. Windows 11 inadai GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo VirtualBox imeweza kuiiga tangu toleo la 7.0. Diski pepe inayokua kadiri inavyojaa isikudanganye, kwa kuwa nafasi halisi inatoka kwenye diski yako.

Umeme nao ni sharti, si nyongeza: chaji betri kwanza, na kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, subiri saa ambazo mtaa wako haukatiwi mara kwa mara, kwani kuzimika ghafla wakati diski pepe inaandikwa kunaweza kukulazimisha kuanza upya.

Mwisho, unapochagua ISO katika VirtualBox 7.0, weka alama kwenye Skip Unattended Installation. Usipofanya hivyo, programu inaweza kusakinisha yenyewe na kukuundia mtumiaji aitwaye vboxuser, ambaye katika Ubuntu huenda asiwe na ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi.