Shamba lililochoka: kinachobaki ardhini ndicho kinachorudisha msitu

Kando ya barabara ya Kasenga inayotoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na hata upande wa Kipushi, utaona mashamba mawili ya mahindi yaliyoachwa mwaka uleule kwa sababu mavuno yaliporomoka. Miaka mitano baadaye, moja limejaa machipukizi ya mutondo na muputu, miti ya msitu wetu wa miombo, yanayompita mtu urefu. La pili ni nyasi tupu zinazoungua kila Septemba. Mvua ni ileile, kama milimita 1,200 kwa mwaka, na udongo ni uleule mwekundu wenye asidi. Tofauti ililetwa na namna shamba lilivyofyekwa, na moto uliopita baada ya hapo.

Miti ya miombo hairudi kirahisi kwa mbegu. Maganda ya mutondo na muputu hukauka, hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mita chache, mara nyingi chini ya 20. Mbegu zenyewe ni nzito, upepo hauzichukui mbali, wala hazikai udongoni miaka mingi zikisubiri: zisipoota kwa mvua za kwanza zinaliwa au zinaoza. Hata mche ulioota hauna haraka. Kwa miaka kadhaa shina lake hufa kiangazi na kuchipua tena kwa mvua, huku mzizi ukinenepa chini. Akiba yako basi ni visiki na mizizi iliyokuwapo tangu zamani. Ukiving'oa vyote kwa trekta, na pori likiwa mbali, usitegemee shamba lijirudishie miti hiyo lenyewe.

Anayefyeka leo akijua kwamba baada ya miaka michache atalipumzisha shamba, aache visiki hai, hata kama vinasumbua jembe. Kata sentimita 10 hadi 20 juu ya ardhi, kwa shoka kali au msumeno, sehemu iliyokatwa ilale kidogo ili maji yateremke. Kisiki cha usawa wa goti kinatoa machipukizi juu, na hayo hubanduka upepo ukivuma kwa sababu yameshikwa na gome tu. Yanayotoka chini kabisa hushikilia vizuri zaidi. Usiache gome limechanika. Hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Majira nayo yana uzito wake. Miombo huvaa majani mapya mekundu mwezi Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, na chakula cha kuyatengeneza majani hayo kinatoka kwenye mizizi. Ukikata wakati huo, umekata mti ulioshamaliza ghala lake, na kisiki kitachipua kwa unyonge. Mei hadi Julai ni bora zaidi.

Msimu wa kwanza acha machipukizi yote. Mvua za pili zikianza, punguza: bakiza mawili au matatu kwa kila kisiki, yaliyonyooka na yaliyotoka chini. Ukibakiza moja tu mapema mno, mbuzi mmoja anaweza kukurudisha mwanzo.

Sasa moto, maana hapa ndipo wengi wanapopotezea kazi yote. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola nchini Zambia, kulianzishwa majaribio ya moto mwaka 1933 katika miombo ya aina hii yetu. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi zenye miti ya kuhesabu. Vilivyochomwa mapema vilibaki msitu. Vilivyokingwa kabisa vilisongamana, vikaota hadi vichaka visivyopukutisha majani. Sababu inaeleweka: moto wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa na machipukizi yamekwisha kufungua majani laini, ukayapika hadi chini. Moto wa Mei au mwanzo wa Juni hukuta nyasi bado zina ubichi, ukapita kwa mabaka na kuacha sehemu bila kuungua.

Kwa hiyo mwezi Mei safisha ukanda wa mita 5 kuzunguka kipande kinachopumzika, ukwangue nyasi mpaka udongo uonekane. Kama lazima uchome nyasi za jirani ili moto wa baadaye ukose cha kula, choma jioni upepo ukiwa umetulia. Umande wa usiku utauzima. Waambie majirani siku kabla, na mwe watu wa kutosha wenye matawi mabichi mkononi. Mwindaji mmoja wa panya anayewasha nyasi anaweza kufuta miaka minne ya kusubiri, na hilo halizuiwi na ukanda peke yake. Zungumzeni na chifu wa kijiji.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Angalia nguvu ya jua inakokwenda. Mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba hunasa jua miezi minne hivi, kisha udongo unakaa uchi mpaka mvua zinazofuata. Miombo ina majani kuanzia Septemba na hukaa nayo sehemu kubwa ya mwaka. Kinachonaswa hakiishii kwenye mbao: majani huanguka, kuvu na mchwa huyala, viwavi hula mengine yakiwa bado mtini, na katika kila hatua ya kuliwa ni kama sehemu moja kwa kumi tu inayogeuka kuwa mwili wa mlaji. Iliyobaki hutoka kama kinyesi au hupotea kama joto. Ndiyo maana kikapu cha viwavi wa kula kinahitaji miti mingi juu yake.

Jambo moja huwashangaza wakulima: mutondo na muputu ni wa jamaa ya maharage, lakini mizizi yake haina vile vinundu vya kuvuta naitrojeni hewani. Miti hii inaishi kwa kushirikiana na kuvu wanaofunika ncha za mizizi na kuiletea fosforasi. Uyoga mwingi unaouzwa sokoni Lubumbashi wakati wa mvua ni matunda ya kuvu hao. Mti ukifa, nao wanakwisha. Mubanga na mulombwa, tofauti na hiyo, wana vinundu. Ukikuta machipukizi yao shambani, yalinde kwanza.

Ukichoma mabua, unapeleka naitrojeni na salfa angani kwa nusu saa. Jivu linabaki na potasiamu na kalsiamu, linapunguza asidi, na ndilo linalofanya mahindi ya mwaka wa kwanza yawe mazuri. Mvua mbili tatu kubwa huanza kulishusha. Tani 2 za punje tu huondoka na naitrojeni ya kilo 30 hivi, na hakuna jivu linaloirudisha. Laza mabua kati ya mistari. Mchwa watayala, ndiyo, lakini watayageuza udongo.

Tanuru ya makala iwe sehemu moja, ileile kila mara. Pale inapokaa, joto huua mizizi, mbegu na kuvu, na doa hilo hubaki uchi kwa miaka. Matanuru kumi yaliyotawanyika ni madoa kumi.

Magugu yenyewe yanakuambia ulipofika. Mwaka wa kwanza ni ya msimu mmoja, hasa kishona nguo, hayana shida. Baadaye huja nyasi ndefu za kudumu. Ukiona nyasi zenye mashuke meupe kama pamba (Imperata) zimetawala, ujue moto umerudi mara kwa mara: mashina yake ya kutambaa yako chini ya ardhi na moto hauyagusi. Kivuli ndicho kinachoziua. Zilaze, kisha panda mukuna, mmea wa kutambaa wa jamaa ya maharage, mwezi Desemba, sentimita 80 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo. Lakini mukuna hupanda juu ya chochote, kwa hiyo pita kila wiki mbili kuivua kwenye machipukizi.

Miombo hurudisha wingi wa kuni zake kwa miaka 20 hadi 30, na wengi hawana ardhi ya kusubiri hivyo. Tenga kipande cha miti, na kipande kingine kipumzishe kwa utupa (Tephrosia vogelii) misimu miwili. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mita 1 kwa mita 1, mbegu mbili kila shimo kisha bakiza mche mmoja, na palilia msimu wa kwanza bila kukosa. Utupa ukisongwa na nyasi mwezi wa kwanza haupati nguvu tena. Oktoba ya mwaka wa pili kata usawa wa ardhi, acha majani juu ya udongo, chukua vijiti kwa kuni. Usipande nyanya mara baada yake, kwa sababu utupa hulea minyoo ya mizizi, na usiponde majani yake karibu na bwawa la samaki.

Kipande cha miti usikifungue upya kwa kuangalia urefu peke yake. Chimbua kwa kidole: tabaka la majani yanayooza liwe limefunika udongo wote, nyasi ziwe zimekonda kwa kivuli, na uyoga uwe umeanza kutoka chini ya machipukizi. Kichuguu kikubwa kilichomo kiache kisimame na miti yake, au chukua udongo wa ubavuni tu. Udongo huo una kalsiamu na mfinyanzi zaidi kuliko udongo wa pembeni, na ukiusambaza kidogo kidogo kwenye mashimo ya mahindi unapunguza asidi.