Namna ya Kusawazisha Mizani ya Ndani ya Lori la Mchanga na Kokoto

Mizani iliyofungwa kwenye lori lenye mabegi ya upepo, yaani mifuko ya mpira inayojazwa upepo na kubeba mzigo, husoma presha iliyomo ndani ya mabegi ya ekseli za nyuma, kisha huibadili presha hiyo kuwa kilo kwa hesabu iliyofundishwa na fundi; kuifundisha huko ndiko kuisawazisha. Ikifundishwa vibaya, itamwonesha dereva namba ya uongo kila safari, naye ataiamini kwa kuwa inang'aa mbele yake.

Tafuta kwanza pahala tambarare, jambo ambalo hapa Pemba, kwa vilima na mabonde yetu, si jepesi. Siku moja niliifanya kazi hii kandokando ya barabara, kwenye mteremko ambao macho hayakuuona, huku breki ya mkono imefungwa. Tulipokwenda kuhakikisha kwenye mizani ya daraja, ile ya ardhini ambayo lori hupanda juu yake, tofauti ilizidi nusu tani na kazi ikarudiwa yote. Tangu hapo sitoki bila pima maji, nami huilaza juu ya zege kabla lori halijapanda. Zikipimwa ekseli za nyuma peke yake, pahala zinaposimama zile za mbele pawe kimo kimoja na mizani ya daraja.

Weka kabari kwenye matairi, kisha fungua breki. Ekseli iliyozuiliwa na breki haiwezi kujisogeza pale mabegi yanapoinuka au kushuka, na nguvu inayonaswa hapo huingia katika presha kana kwamba ni mzigo. Injini iendelee kuwaka hadi upepo ujae na vali ya kimo, ile inayoongeza au kupunguza upepo ili lori libaki kimo chake, itulie.

Lori likiwa tupu, litolewe udongo mwekundu ulioganda chini, hasa wakati wa masika, na tangi lijazwe, kwani lita 300 za dizeli ni takriban kilo 250. Dereva na utingo wakishuka sasa, washuke pia wakati wa kupima mzigo. Andika presha ya mabegi na uzito wa ekseli za nyuma uliosomwa kwenye daraja, tuseme 0.9 bar (bar ni kipimo cha presha) na kilo 5,200. Kisha pakia hadi karibu na kikomo cha lori, liendeshe mita chache ili springi na mabegi yakae, na upime tena: 3.9 bar na kilo 17,200. Presha imeongezeka kwa 3.0 na uzito kwa kilo 12,000, kwa hiyo kila bar moja ni kilo 4,000. Ukirudi nyuma hadi presha ya sifuri utabaki na kilo 1,600, ambazo ni ekseli zenyewe, magurudumu na matairi, vitu vilivyo chini ya mabegi na ambavyo mabegi hayavibebi.

Hesabu hiyo inaonesha kwa nini nusu mzigo haitoshi. Kosa la 0.1 bar ni kilo 400. Likifanyika katika nusu ya mzigo, likifika kwenye mzigo kamili limekuwa karibu kilo 800.

Malori mengi hayana sensa, kifaa cha kuhisi mzigo, kwenye springi za mbele, na mizani hukisia uzito wa huko kutokana na wa nyuma. Kwa hiyo kokoto ikirundikwa karibu na kichwa, namba itadanganya hata kama usawazishaji ulikuwa safi. Sambaza mzigo kama utakavyousambaza kila siku. Springi za majani, zile za bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, nazo husuguana, ndiyo maana usomaji wa kupakia na wa kupakua hutofautiana.

Baada ya kuingiza namba, pakia mzigo wa tatu, tofauti na ile miwili, uulinganishe na daraja. Namba zikikubaliana, bandika karatasi ya tarehe, presha na uzito ndani ya mlango wa dereva. Rudia kazi kila begi, vali au sensa inapobadilishwa, na kila baada ya miezi michache fungua plagi za nyaya uzitazame, maana upepo wa bahari hula shaba kimyakimya.