Kusoma kiingereza kwa sauti: usizipite alama ndogo

Nafundisha watu wazima kuongea kiingereza, wengi wanafanya kazi mahotelini na wengine wanajiandaa na intavyuu, na karibu kila wiki kuna mtu ataona "we're" aisome "were". Ile alama ya juu kaipita kama haipo.

Ritifaa sisi tunaijua, hakuna anayesoma ng'ombe kwa sauti ya ngoma. Ila ya kiingereza inafanya kazi nyingine, yenyewe haina sauti, inakwambia tu hapa kuna herufi zimeliwa.

Hatua ya 1: rudisha zilizoliwa. "We'll" ni "we will", kwahiyo anza na "we" yenyewe, inakuwa wiil, siyo wel. "She'll" ni shiil, ukitoa alama inabaki "shell", ganda la yai. "He'll" ni hiil, ukikosea hapa ndo umeshamtaja jehanamu mbele ya mgeni 😂. "I'll" ni ail, wakati "ill" ni mgonjwa. Na hiyo "we're" ni kama wia, ile "were" haina sauti ya i kabisa. Wenyewe wakiongea haraka wanazifupisha sana lakini wewe anza hivi, kasi itakuja.

Hatua ya 2: kama ritifaa ni ya umiliki tulia tu. "Boys", "boy's", "boys'" zote zinatamkwa sawasawa, "its" na "it's" pia, hapo macho ndo yanahangaika mdomo hauna kazi. Kitu kimoja, "boss" ukiipa umiliki inaongezeka silabi, bos-iz, usiishie bos.

Hatua ya 3, kistari, na hapa naomba uende taratibu kwasababu maana nzima inageuka. "Resign" ni rizain, kuacha kazi, lakini "re-sign" ni rii-sain, kusaini tena, sasa fikiria mchezaji wenu kaongeza mkataba alafu admini wa peji kasahau kistari, mashabiki wanalia bure. Maofisini ndo balaa: "I re-sent the email" ni nimeituma tena, rii-sent, ukiandika "resent" inasomwa rizent, yaani hiyo email inakukera! Umeona s imegeuka z? Kistari kinaizuia s isigeuke, na "re" inavutwa. Na "co-op" ni ushirika, kou-op, bila kistari inabaki kuup, banda la kuku.

Hatua ya 4: nukta mbili juu ya herufi, kama "naïve" na jina Zoë. Zinasema irabu hii isomwe peke yake, na-iiv, zou-i. Siku hizi wengi hawaziandiki, ila jarida la The New Yorker la Marekani mpaka leo linaandika "coöperate", kwahiyo ukikutana nayo usidhani ni kosa la chapa.

Hatua ya 5: alama ya kuuliza. Usipandishe sauti kila ukiiona. "Do you like tea?" jibu lake ni ndiyo au hapana, pandisha mwishoni. "Where do you live?" kwa kawaida inashuka, neno la kuuliza limeshafanya kazi mwanzoni. Chukua simu ujirekodi hizo mbili, usikilize, alafu rudia ile ya pili maana najua umeipandisha.