Jinsi ya Kusafisha Kidonda Sugu cha Mguu Bila Kumuumiza Mgonjwa

Mgonjwa mwenye kidonda sugu cha mguu huanza kuumia kabla hajaguswa, kwa kuwa anakumbuka jinsi gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ilivyobanduliwa mara ya mwisho. Gozi kavu iliyolazwa moja kwa moja juu ya nyama mbichi hunywa majimaji ya kidonda, hukauka pamoja nayo, hushikamana na nyama changa inayoota, na inapovutwa huing'oa. Kwa hiyo maumivu ya kufungua huzuiwa siku ya kufunga: tanguliza gozi ya vazelini au bandiko la silikoni, kisha gozi kavu ikae juu yake ili ifyonze majimaji.

Dawa nayo itangulie. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza paracetamol gramu 1 kati ya dakika 30 na 60 kabla ya kazi kuanza, mradi jumla ya siku isizidi gramu 4. Maumivu yakiwa makali, kama yalivyo mara nyingi kwa vidonda vya kifundo cha mguu vya wagonjwa wa selimundu (sikoseli), daktari anaweza kuandika morfini ya kunywa, ambayo pia huhitaji muda. Kumpa mgonjwa dawa huku gozi imekwisha kubanduliwa hakumsaidii. Pale nyama iliyokufa inapotakiwa kukatwa, mtaalamu hupaka krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini, huifunika kwa plastiki na kuiacha ifanye kazi kwa dakika 30 hadi 60.

Kabla ya kugusa chochote, muulize mgonjwa maumivu yake ni mangapi kati ya 0 na 10, na mguu ukae vipi. Kidonda kinachotokana na kuziba kwa ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni, huuma zaidi mguu ukiinuliwa, ilhali kile cha vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, kwa kawaida hupata nafuu ukiinuliwa. Zima feni, maana upepo juu ya kidonda kilicho wazi huchoma.

Chupa ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 iwekwe kwanza ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka iwe vuguvugu, kwa sababu maji baridi humshtua mgonjwa. Lowesha gozi ya zamani hadi iachie yenyewe, hata kama itachukua dakika kumi. Mwenye haraka asishike kazi hii. Plasta ibanduliwe polepole, sambamba na ngozi, huku mkono wa pili ukiishikilia ngozi, na mgonjwa anayependa kuibandua mwenyewe aachiwe. Patana naye neno moja, akilitamka unasimama papo hapo. Kidonda kimiminiwe maji badala ya kusuguliwa, na spiriti isikaribie.

Mwenye kisukari anaweza kukaa kimya kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi, si kwa sababu kidonda ni chepesi. Akianza kuumwa ghafla mahali ambapo hakuwahi kuhisi kitu, au mgonjwa yeyote akizidiwa na maumivu pamoja na harufu mbaya, uvimbe au homa, huenda kuna maambukizi, na apelekwe kwa daktari bila kungoja siku ya kubadilisha bandeji.

Baada ya kufunga, uliza tena ile namba na uiandike pamoja na dawa aliyopewa na saa aliyoimeza, ili atakayefungua kesho kutwa ajue pa kuanzia.