Kuunganisha sensa na data za mvua Kilimanjaro: achana na wastani wa kata

Una data za sensa huku, za mvua na misitu kule, unataka kujua watu wa mlimani wanaishije. Anza na swali kwanza, mafaili baadae. Mfano: mvua ikikata, nani anaumia wa kwanza?

Vitu vyenyewe ni vya bure. Chukua mipaka ya kata na sensa ya 2022 kutoka NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), miinuko ya SRTM (urefu wa ardhi uliopimwa kutoka angani), mvua ya CHIRPS (makadirio ya mvua kutoka setilaiti na vituo vya ardhini, inaanzia 1981), na picha za setilaiti ya Sentinel-2. Fungua zote kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), ziweke kwenye mfumo mmoja wa vipimo vya ramani, UTM 37S, ili zikae sawa.

Sasa hapa ndo watu wanachemka. Wanapiga wastani wa mvua kwa kata, wanaunganisha na idadi ya watu, wanasema kazi imeisha. Jamani, Mchaga anakaa juu kihambani (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) kwenye migomba na kahawa ila mahindi yake yako shambani huku tambarare, kwahiyo kaya moja inategemea mvua mbili tofauti na ule wastani wako ni mvua ambayo hainyeshi popote. Gawanya kwa mwinuko kwanza: chini ya mita 900, 900 mpaka 1800, na juu ya hapo msitu. Ni makadirio tu, upande wa Rombo ni mkavu kuliko Machame, so sogeza mipaka hiyo. Na usiiamini sana CHIRPS, kiboksi chake kimoja kwenye ramani kina upana wa kama kilomita 5, kwenye mteremko hizo ni mamia ya mita kupanda.

Setilaiti nayo itakwambia kihamba ni msitu, manake inaona miti mirefu ya kivuli, migrivea na miruka, kwa juu, migomba na kahawa ziko chini yake. Weka pointi zako mwenyewe za kuifundisha programu ipi ni kihamba, upi ni msitu.

Sensa ilihesabu waliolala pale usiku wa kuamkia Agosti 23, kwahiyo kijana aliyeko Dar anayetuma hela ya mbolea hayumo. Ongeza dodoso fupi: nani anatuma hela, shamba la chini liko wapi, zamu yenu ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) ni siku gani. Hilo la mfongo usiliruke, kwenye picha mfereji hauonekani umefunikwa na migomba, inabidi utembee nao na wazee wanaousimamia huku GPS ya simu imewashwa, na wakati wa ukame zamu ndo inaamua nani anapata maji.

Ukishamaliza, ramani unayoisambaza ionyeshe kitongoji tu, pointi za nyumba za watu baki nazo mwenyewe.